Mgeni Kafika, Karatasi Hana: Mwongozo wa Kujitolea kwa Wakazi wa Mbaraki na Kisiwa cha Mombasa

Swali ni lile lile, hubadilika sura tu. Kuna anayeuliza kwa ajili ya jirani mpya aliyepanga chumba kimoja upande wa Mbaraki, anayezungumza Kiswahili cha Bukavu na ambaye watoto wake hawajaonekana shuleni tangu muhula ufunguliwe. Kuna mwanafunzi wa chuo mwenye Jumamosi tupu. Kuna mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale aliyeokota Kisomali utotoni kwa kucheza na watoto wa majirani. Wote wanataka kujua jambo moja: mtu wa kawaida, asiye na shirika wala gari lenye bendera, atamsaidiaje mkimbizi auzoee mji bila kujitia mashakani, na bila kumtia yeye?

Wengi huanza na mfuko wa unga. Si vibaya, njaa haingoji. Lakini anachokikosa zaidi mgeni wa Mombasa ni mwenyeji wa kufuatana naye: mtu anayejua ofisi ipi hufunguliwa saa ngapi, foleni ipi ni ya nini, na aliye tayari kukaa naye kwenye benchi mpaka jina liitwe. Kazi hiyo haitaki mtaji. Inataka muda, subira na kujua mipaka, na mipaka ndiyo inayowashinda wengi.

Mji huu hauanzi leo

Mombasa imepokea watu tangu zamani. Katika miaka ya 1870 watumwa walioachiwa huru walipewa makao Freretown, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, zilikuja familia zilizokimbia Unguja. Kuanzia 1991, Somalia ilipovunjika, watu wa Mogadishu, Barawa na Kismayu waliteremka hapa kutoka mashuani, na kambi zikafunguliwa Utange na kwingineko, mojawapo ikiitwa Benadir. Januari 2001, baada ya maandamano ya Pemba kuzimwa kwa risasi, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, kaunti ya Kwale.

Kati ya waliokuja 1991, aliyekuwa na jamaa hapa hakukaa sana hemani. Wabarawa, ambao Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili, waliwakuta Mji wa Kale watu wa kusali nao msikiti mmoja, wa kuwatafutia chumba na wa kuwajulisha kwa mzee wa mtaa. Asiye na jamaa alibaki kambini, na kambi za pwani zilipofungwa miaka michache baadaye, wengi walipelekwa Kakuma na Dadaab. Anayejitolea leo anashika nafasi ya yule jamaa.

"Kwani si kosa kumsaidia?"

Hofu hii ina msingi, na haifai kuchekwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtia hatiani anayemficha mtu akijua kwamba yuko nchini kinyume cha sheria. Lakini kumpeleka mtu kujiandikisha, kumfundisha kusoma au kufuatana naye kliniki si kumficha. Yafuatayo ni ya kujua kabla ya kumwahidi mgeni lolote:

- Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa maafisa mara anapoingia nchini, au ndani ya siku 30. Aliyechelewa asizidi kuchelewa. Atafute wakili kwanza, kisha ajitokeze.
- Wa kuamua nani ni mkimbizi ni Idara ya Huduma za Wakimbizi ya serikali, ambayo watu huiita DRS. Si chifu, si imamu, si padri, na hakika si anayejitolea.
- Mkimbizi harudishwi kwenye hatari aliyoikimbia. Hilo limo katika sheria ya Kenya na ya kimataifa.
- Kuingia nchini ni jambo moja, kuishi Mombasa ni jingine. Sheria inaruhusu kutengwa maeneo ya wakimbizi kukaa, na wengi wa wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000 walioko Kenya wameandikishwa Dadaab na Kakuma. Aliyetoka huko bila pasi ya safari anaweza kukamatwa kwenye kizuizi chochote cha barabarani.

Hili la mwisho ndilo linaloumiza Mombasa. Mtu ana kadi halali ya mkimbizi, lakini kadi inasema Kakuma. Mwenyeji mwenye huruma asiyejua tofauti hiyo humwambia "wewe twende tu, hakuna atakayekuuliza", wakaulizwa.

Msimamo wa serikali nao umekuwa ukiyumba. Desemba 2012 wakimbizi wote wa mijini waliamriwa waende kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lenye tawi Mombasa, lilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo. Miezi minane baadaye ikatoka amri nyingine. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Kwa hiyo jibu la mwaka jana lisitolewe leo kabla ya kuuliza upya.

"Lakini sasa sote si Afrika Mashariki?"

Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, Somalia ikakamilisha uanachama 2024, na tangu hapo vibarazani kunasemwa kwamba Mkongomani au Msomali hana haja tena ya karatasi za ukimbizi. Ushauri huu ni wa hatari. Sheria ya 2021 inamruhusu raia wa nchi mwanachama aache hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili anufaike na haki za Jumuiya, lakini anayeiacha anaacha pia ulinzi wa kutorudishwa kwao. Uamuzi huo haufanywi juu ya kahawa chungu. Anayejitolea amwelekeze mgeni kwa wakili na aishie hapo.

Chagua kazi moja

Kosa la kwanza la mwenye moyo mkunjufu ni kutaka kufanya yote. Wiki ya kwanza analipa kodi ya nyumba, ya pili anatafuta kazi, ya tatu simu yake haipatikani. Afadhali kazi moja ndogo inayojulikana siku na saa yake. Hizi zinafaa mji huu:

- Kufuatana na mtu hospitali, shuleni au ofisini, mara moja kwa wiki.
- Kufundisha Kiingereza, au kumzoesha Kiswahili cha hapa aliyekuja na kingine. Mkongomani mwenye Kiswahili kizuri bado hupotea kwenye fomu ya Kiingereza.
- Kuwasaidia watoto kazi za shule, hasa waliosoma kwa Kifaransa.
- Kutafsiri, kwa anayejua Kisomali, Kioromo, Kiamhara, Kirundi, Kinyarwanda au Kifaransa.
- Kumjulisha mtu kwa wanaofanya ufundi wake: fundi cherehani kwa mafundi, mvuvi kwa wavuvi.

Njia nyepesi zaidi ni kujiunga na wanaoifanya kazi hii tayari. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina watu wa kujitolea Mombasa, na lina huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani. MUHURI na HAKI Africa ni mashirika ya haki za binadamu yaliyozaliwa hapa hapa. Tena misikiti na makanisa hayakosi kamati ya wahitaji, ingawa nyingi hazina mtu wa kufuatilia makaratasi, na hapo ndipo mwalimu mstaafu angefaa.

Wapo pia wakimbizi wenyewe. Kampala, mwaka 2007, vijana wa Kikongo walianzisha YARID, wakaanza na mpira wa wikendi ili watu wajuane, kisha wakaongeza madarasa ya Kiingereza. Abdullahi Mire, Msomali aliyekulia Dadaab, alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 kwa kuwafikishia vitabu watoto wa kambi. Kabla ya kuanzisha kikundi kipya cha "kuwasaidia", ni adabu kuuliza kama wanaosaidiwa hawana chao tayari.

Kabla ya siku ya kwanza

- Chukua cheti cha tabia njema. Kinaombwa kupitia eCitizen kwa Sh1,050, na alama za vidole hupigwa Huduma Centre. Anayetaka kukaa na watoto asione haya kuulizwa cheti hicho, na asiyeulizwa akitoe mwenyewe.
- Mjulishe mzee wa mtaa kazi unayofanya, kwa ujumla wake, bila kutaja majina ya watu wala nyumba zao.
- Kutaneni mahali pa wazi. Mama Ngina Waterfront iko karibu na Mbaraki, ina vivuli na watu. Maktaba ya taifa mjini nayo inafaa kwa masomo. Mwanamume asimtembelee mama aliye peke yake nyumbani, hata awe na nia gani, kwa sababu maneno ya mtaa atakayeyabeba ni yule mama.
- Sema mapema usichoweza. "Sina kazi ya kukupa, siwezi kukupeleka ng'ambo, lakini Jumanne saa tatu nitakuwepo." Sentensi hiyo huepusha ugomvi mwingi.

Shule

Elimu ya msingi ya umma ni haki ya kila mtoto aliye Kenya, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeifanya kuwa lazima. Bado mzazi mgeni hurudishwa mlangoni kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Mwenyeji aende naye, lakini asimsemee. Mzazi ndiye wa kukaa kiti cha mbele.

Siku ya kufungua shule haifai, mwalimu mkuu hana nafasi. Katikati ya wiki, baada ya mapumziko ya asubuhi, anasikiliza. Chukueni kila karatasi iliyopo: ya usajili wa familia, kitabu cha kliniki, ripoti ya shule ya zamani hata ikiwa ya Kifaransa, pamoja na tafsiri yake iliyoandikwa kwa mkono. Ombeni mtoto ajaribiwe aonekane anafaa darasa gani, badala ya kubishania umri. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kisha mfike ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Kitu kimoja kisifanywe kamwe: kumwandikisha mtoto wa mgeni kama mtoto wa mwenyeji. Huonekana wema, na hutatua tatizo la leo. Garissa na kaunti za jirani zina somo la upande wa pili. Huko, Wakenya walioandikishwa kambini wakati wa ukame ili wapate chakula walikuja kunyimwa vitambulisho miaka na mikaka, kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa katika daftari la wakimbizi. Watoto wa wakati ule ni watu wazima sasa, na wengine walifika mahakamani kudai uraia ambao hawakuwahi kuupoteza.

Hospitali

Chanjo za watoto ni bure katika vituo vya umma. Dawa za kifua kikuu na za HIV vilevile. Mengine yanataka usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mkimbizi aliyeandikishwa anaweza kujisajili. Mgeni mpya hajui hayo. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge viwili viwili, mpaka ugonjwa unamlaza.

Mama mjamzito apewe nafasi ya kwanza. Akijifungua hospitali, asiondoke bila karatasi ya taarifa ya uzazi, na mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita. Cheti cha kuzaliwa hakimpi mtoto uraia, lakini bila hicho kila mlango utakaofuata utakuwa mgumu. Wapemba wa Kilifi na Kwale wanalijua hilo kuliko wataalamu: walikaa vizazi bila vitambulisho, mpaka serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Wamakonde wa Kwale walitangulia, nao walilazimika kutembea kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa.

Anayetafsiri

Kujua lugha mbili hakumfanyi mtu mkalimani. Kanuni chache zinatosha:

- Sema alichosema yeye, hata kikikuaibisha. Usipunguze, usiongeze, usimpambie.
- Usimtumie mtoto amtafsirie mamake kwa daktari. Hakuna mama atakayetaja kilichompata njiani mbele ya mwanawe.
- Uliza kwanza kama mgeni anaridhika na wewe. Baina ya Wasomali koo huweza kuwa kikwazo, na baina ya wanawake jinsia pia. Akitaka mwingine, usinune.
- Ulilolisikia ndani lisifike barazani. Mji wa Kale una kuta nene na masikio mengi.

Makosa yanayorudiwa

*Kushika karatasi za mtu.* "Niwekee, nisije nikapoteza," mgeni huomba. Mwenyeji akubali kumtolea nakala na kumnunulia bahasha ya plastiki, asikubali kuweka kadi yenyewe. Kuzuia hati za mtu ni mojawapo ya mbinu za wanaosafirisha binadamu, na Sheria ya Kupambana na Usafirishaji wa Binadamu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, kwa anayepatikana na hatia ya biashara hiyo. Mwenye nia njema hana sababu ya kufanana nao.

*Kusajili laini kwa kipande chako.* Hili ndilo linalofanywa zaidi, tena kwa roho nyeupe. Mgeni anataka M-Pesa, mwenyeji anatoa kitambulisho, na kuanzia hapo kila pesa inayopita kwenye simu ile ina jina la mwenyeji. Mwenye kadi ya mkimbizi asaidiwe kusajili laini kwa kadi yake mwenyewe, hata ikibidi kwenda kwa wakala mara ya pili na ya tatu.

*Picha.* Mtu aliyekimbia ana anayemtafuta, au ana ndugu waliobaki. Picha ya mkate ukikabidhiwa, ikiwekwa WhatsApp usiku, huenda asubuhi imeshafika Goma.

*Kuuliza habari za vita.* Akitaka kusimulia atasimulia. Udadisi uliovaa kanzu ya huruma unachosha, na tayari ameshahojiwa na maafisa mara nyingi.

*Kumtafutia kazi ya "msaada".* Kumweka binti mgeni kwa jamaa afue na kupika kwa chakula na malazi hakuitwi kumsaidia, hata wenye nyumba wapende vipi kuiita hivyo. Methali inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sheria nayo inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara, ila kibali chake ni cha kuhangaikiwa. Apewe jembe kwa malipo, au asaidiwe kufuatilia kibali cha kazi na leseni ya biashara ya kaunti.

Wanaouza safari

Kila penye wakimbizi pana dalali wa Canada. Ana fomu, ana muhuri, ana binamu ofisini. Anayejitolea arudie kusema hivi bila kuchoka: usajili wa ukimbizi haulipiwi, wala nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu hainunuliwi. Biashara hiyo imepata nguvu tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kwa sababu waliokuwa wameshapimwa na kuhojiwa walibaki njiani, na mtu aliyekatishwa tamaa haangalii sana muhuri. Canada ni kweli ina utaratibu wake tangu miaka ya 1970 wa raia kudhamini wakimbizi. Lakini wadhamini ndio wanaotoa pesa. Anayemdai mkimbizi pesa ni mwizi.

"Na sisi wenyewe tumeshiba?"

Pingamizi hili halikosekani, na mwenye kuuliza si lazima awe mbaya. Kijana wa Majengo asiye na kibarua ana haki ya kuuliza kwa nini Mkongomani apelekwe kwa mkono. Ajibiwe kwa vitendo: darasa la Kiingereza la Jumamosi liwe wazi kwa mtoto wa jirani pia, na anayefuatana na mgeni kliniki ampitie na bibi wa nyumba ya tatu anayeogopa ngazi za hospitali. Msaada unaowabagua wenyeji huwaletea wageni uhasama. Ni hesabu ya ujirani, na pia ndiyo fikra iliyo nyuma ya Mpango wa Shirika.

Yasiyo ya kujitolea

Yapo mambo ambayo mwenye huruma lazima ayaache yatoke mikononi mwake siku ile ile:

- Mtoto aliye peke yake: afisa wa watoto, au simu 116, bila malipo. Usimlaze kwako kwanza ukatafuta ushauri baadaye.
- Ukatili wa kijinsia: simu 1195, na hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa baada ya hapo dawa ya kuzuia HIV haifai tena.
- Aliyekamatwa: wakili, mara moja. Mwenyeji aandike jina la kituo cha polisi, saa na sababu iliyotajwa. Asianze kupatana na mtu kaunta.
- Mtu asiyelala, anayezungumza juu ya kujiua: hospitali. Dua na mawaidha yafuatane na daktari, yasiwe badala yake.

Mwisho ni namna ya kuondoka, kwa kuwa kila anayejitolea siku moja huhama, huolewa au huchoka. Amwambie mgeni mwezi mmoja kabla. Ampeleke yeye mwenyewe kwa atakayempokea, wakutane wote watatu angalau mara mbili. Amwandikie kwenye daftari, kwa lugha anayoisoma, namba ya kliniki, jina la shule, ofisi ya wakili na siku za foleni. Nakala zote alizokuwa amebaki nazo kwenye simu yake azifute mbele ya mwenyewe.